Kwenda kujitolea Moldova na nchi nyingine zilizotoka kwenye ukomunisti: mwongozo kamili

Wiki yangu ya pili katika kijiji kimoja cha kusini mwa Moldova, bibi mmoja alinishika mkono kisimani akaniuliza swali ambalo ningelisikia tena na tena kwa miezi kumi na minne: nani anakulipa? Nikamjibu kwa Kiromania cha kuokoteza kwamba mimi ni mtu wa kujitolea. Akacheka. Akamgeukia jirani yake, akatamka neno moja tu, *subotnic*, wakabeba ndoo zao wakaenda zao.

Subotnic limetokana na jina la Jumamosi kwa Kirusi. Mwaka 1919 wafanyakazi wa karakana moja ya reli mjini Moscow walifanya kazi siku hiyo bila malipo, Lenin akawasifu kwa maandishi, na haikupita muda hiari ile ikageuka amri. Nchi zilizofuata njia hiyo kila moja ilikuwa na namna yake. Yugoslavia vijana walijenga reli ya Šamac hadi Sarajevo mwaka 1947. Bulgaria walijenga mji wa Dimitrovgrad. Albania ilijenga reli zake kwa mikono ya vijana. Wapo waliokwenda kwa moyo mkunjufu na mpaka leo wanaziimba nyimbo za kambini. Wapo walioandikwa majina bila kuulizwa.

Mswahili hana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Mkongo aliyekua enzi za Mobutu anaijua *salongo*. Mnyarwanda ana umuganda wake wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mkenya anazikumbuka harambee ambazo chifu alipita akikusanya kuku, na sisi Watanzania tumechimba misingi ya madarasa "kwa kujitolea" huku mtendaji amekaa kivulini na daftari la faini. Kwa hiyo ukifika kule ukasema unajitolea, ujue umelitumia neno lililokwisha kuchafuliwa. Mengi yaliyomo humu chini yanatokana na hilo, kuliko baridi ambayo kila mtu atakutishia.

Hatua ya kwanza: jua mlango gani uko wazi kwako

Milango ni minne, na pasipoti yako ndiyo inayoamua.

Kwa anayeishi Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo, mlango ulio mpana ni UN Volunteers, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa wenye makao makuu Bonn, Ujerumani. Unafungua wasifu kwenye jukwaa lao la mtandaoni bure, kisha unaomba nafasi moja moja kadiri zinavyotangazwa. Kuna daraja la vijana wa miaka 18 hadi 26, na hilo ndilo kila mtu hulikimbilia. Nafasi nyingi za kimataifa za daraja hilo hugharamiwa na serikali za nchi fulani kwa ajili ya vijana wao wenyewe, kwa hiyo ukisoma tangazo zuri ukakuta mwishoni limewekewa uraia usio wako, si bahati mbaya yako peke yako. Wengi wetu tunaingilia daraja la wataalamu: umri kuanzia 27 na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Hapo wanatafuta mtu wa ugavi, takwimu, ulinzi wa wakimbizi, mawasiliano, uhandisi, afya ya jamii. Mshahara hakuna. Kuna posho ya kujikimu inayopimwa kwa gharama za maisha za kituo, bima ya afya, nauli, fedha ya kuanzia maisha, na likizo ya siku mbili na nusu kwa kila mwezi. Kama huna uzoefu bado, jukwaa hilo hilo lina kazi za kujitolea mtandaoni. Zinafanyika ukiwa kwako, na zinakupa kitu cha kuandika kwenye wasifu.

Mlango wa pili ni kambi za kazi za wiki mbili au tatu. Utamaduni huu ulianza mwaka 1920 karibu na Verdun, Ufaransa, pale Pierre Ceresole na wenzake walipokwenda kujenga upya kijiji kilichobomolewa na vita, na baada ya kuanguka kwa ukomunisti vyama vya aina hiyo vikaota Ulaya Mashariki nzima: EstYes ya Estonia na INEX ya Ucheki zote ni za mwaka 1991. Huku kwetu vyama vinavyobadilishana watu kwa njia hii ni kama KVDA ya Kenya, iliyoanza 1962, na UVIKIUTA ya Chamazi, Dar es Salaam. Unalipa ada ya usajili kwa chama cha nyumbani, nauli na viza ni juu yako, wenyeji wanakupa chakula na godoro. Mimi sikushauri upande ndege kutoka Dar kwa ajili ya wiki mbili za kupaka rangi uzio. Ila kama tayari uko Ulaya unasoma, kambi moja ya kiangazi itakuonyesha kama unaweza kuishi na watu kumi katika chumba cha shule bila kununa.

Mlango wa tatu ni wa walioko Umoja wa Ulaya kihalali: European Solidarity Corps, kwa vijana wa miaka 18 hadi 30. Wanagharamia nauli, malazi, chakula, bima na fedha kidogo za mfukoni, na miradi iko tele Poland, Romania, Bulgaria, nchi za Baltiki na hata Moldova na Georgia. Tahadhari moja inayowaumiza ndugu zetu wa Ujerumani: kibali chako cha kuishi kwa kawaida hufutika ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita. Mradi wa miezi kumi ni mtamu mpaka urudi ukute huna pa kurudi. Nenda ofisi ya wageni *kabla* ya kusaini, na upewe jibu kwa maandishi.

Wa nne ni Peace Corps, mpango wa kujitolea wa serikali ya Marekani, kwa aliyekwisha kula kiapo cha uraia wa nchi hiyo. Ni miezi 27: mitatu ya mafunzo, kisha miaka miwili kamili ya kazi. Walipotumwa wa kwanza kabisa mwaka 1961 walikuja Ghana na Tanganyika, kwetu wakiwa wapima ardhi na wahandisi wa barabara. Hungary na Poland ziliwapokea mwaka 1990, baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka. Mtoto aliyezaliwa Bukavu, akalelewa kambini Kigoma na kupata uraia Ohio, leo anaweza kujikuta anafundisha Kiingereza Kosovo au Kirgizistan. Angalia orodha ya nchi zilizo wazi wakati huo, maana hubadilika. Ukraine wajitolea waliondolewa zaidi ya mara moja.

Hatua ya pili: mchuje anayekuita

Hapa nitakuwa mkali. Neno "programu" na picha ya theluji vimeuza vijana wengi. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu mpango wa Alabuga Start huko Tatarstan, Urusi: wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22, wengine wa Uganda na Kenya, waliitwa kwa ahadi za kazi na masomo, wakafika na kupangwa kuunda droni za kivita. Hawakuwa wajinga. Tangazo lilikuwa zuri, tiketi ya ndege ilikuwa bure, na hakuna aliyewaambia kazi yenyewe ni nini.

Kwa hiyo uliza mambo haya kabla hujatoa nakala ya pasipoti. Nitafanya kazi gani Jumatatu asubuhi, katika jengo gani, chini ya nani? Nani alikuwa kwenye nafasi hii kabla yangu na ninaweza kuzungumza naye? Bima ni ya kampuni gani? Mkataba uko kwa lugha gani? Ukijibiwa "utaelezwa ukifika", funga simu. UN Volunteers hawatozi hata shilingi katika hatua yoyote. Anayekuomba "ada ya kufungua faili" kwa jina lao ni tapeli. Na mtu anayetaka kuishika pasipoti yako "kwa usalama" si mwenyeji.

Hatua ya tatu: andika ombi kama mtu aliyefanya kazi

Kabla ya Moldova nilikuwa mtu wa ugavi katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Nilipoanza kuomba nafasi za Ulaya niliificha Nyarugusu chini kabisa ya wasifu. Nilidhani watu wa huko wangetaka mtu wa ofisi zenye vioo, nami nikajaza mistari ya juu na semina nilizohudhuria Arusha. Nikakataliwa mara tano. Rafiki mmoja mzoefu akanisomea wasifu wangu kwa sauti, akaniuliza: "Wewe umegawa sabuni kwa maelfu ya watu kila mwezi bila foleni kuvunjika, halafu unaanza na semina?"

Februari 2022 vita ilipowasukuma watu wa Ukraine kuvuka Palanca na vituo vingine kuingia Moldova, nchi ndogo ile ilijikuta mwenyeji wa wakimbizi kwa ghafla, na watu wenye uzoefu wa kambi walihitajika. Nikaigeuza karatasi juu chini. Nikaandika tulivyopanga foleni za wazee na wajawazito, tulivyohesabu, tulivyokosea hesabu mara moja na tulivyowaeleza watu. Usaili ulikuwa wa maswali ya "tupe mfano wa siku ambayo…". Maswali hayo yana namna yake ya kujibiwa: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini *wewe* si "sisi", ikaishaje. Andaa visa sita vya kweli, kimoja kikiwa cha kushindwa. Visa vya kusifia uongozi wako tu vinawachosha.

Na usiandike kwamba unapenda tamaduni mbalimbali. Kila mtu anazipenda.

Hatua ya nne: makaratasi

Cheti cha polisi cha mwenendo mwema kichukue mapema, kwa sababu kina muda wa kuisha na pia kina foleni. Vyeti vya shule na kuzaliwa vitahitaji kuthibitishwa. Burundi na Rwanda zimo katika mkataba wa Apostille, ule wa nchi kutambuliana hati kwa muhuri mmoja, kwa hiyo hati zao kwa kawaida hupata muhuri huo na kumaliza. Kwa nchi isiyo mwanachama njia ni ndefu: wizara ya mambo ya nje kwanza, kisha ubalozi husika. Tafsiri usifanyiwe nyumbani. Kule wanataka mtafsiri aliyeidhinishwa kwao, na mhuri. Utauzoea mhuri. Ofisi ya kisovieti ilikufa, mhuri wake ukabaki hai.

Angalia njia ya ndege kama unavyoangalia viza. Nyingi za safari zetu hupitia Istanbul, na kwa Moldova, Georgia, Bosnia au Kosovo hiyo ndiyo njia nyepesi. Mwenye pasipoti ya Kongo akipitia uwanja wa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, anahitaji viza ya kupita hata asipotoka nje ya uwanja, na Romania, jirani wa Moldova, sasa imo Schengen: viwanja vya ndege tangu Machi 2024, mipaka ya nchi kavu tangu Januari 2025. Mambo mawili zaidi. Bima nyingi haziifuniki Transnistria, ukanda uliojitenga na Moldova, mji wake mkuu Tiraspol. Usiende kupiga picha za sanamu za Lenin kwa sababu tu basi lipo. Na ukiingia Kosovo bila kupitia Serbia, usijaribu kuvuka kutoka Kosovo moja kwa moja kwenda Serbia. Watahesabu umeingia nchini kwao kinyemela.

Dola zako ziwe noti mpya zisizo na alama. Wabadilishaji wa Chișinău, mji mkuu wa Moldova, ni wachaguzi kama wa Kariakoo.

Hatua ya tano: baridi, kwa kifupi

Koti usinunue dukani Ulaya, wala usinunue jipya. Nenda Gikomba au Karume. Makoti mazito ya Wazungu yanalala pale kwa bei ya chini kwa sababu hakuna anayeyataka, na kuna utamu fulani katika kulirudisha koti kwao. Viatu ndivyo vya kununulia huko huko: soli ya mpira laini yenye meno, ukubwa nafasi moja zaidi ili soksi ya sufu ipumue. Kwenye barafu tembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Theluji ikianza kuyeyuka usipite chini ya kingo za mapaa, maana vipande vya barafu huanguka.

Kijijini nyumba hupashwa moto kwa *sobă*, jiko la matofali la kuni au makaa. Lina kifuniko cha bomba la moshi. Usikifunge makaa yakiwa bado mekundu hata kama unataka joto lisitoke. Ni hatari ile ile ya kulala na jiko la mkaa chumbani, nayo huua kimya kimya.

Beba mafuta ya ngozi ya kutosha na dawa zako za nywele. Hewa ya ndani wakati wa baridi inakausha mtu mpaka anapauka kama jivu.

Hatua ya sita: lugha, na shikamoo ya kwao

Miezi mitatu kabla ya safari anza Kiromania, nusu saa kila siku. Kirusi utakisikia sana, mijini na miongoni mwa Waukraine, lakini anza na lugha ya kijiji. Wamoldova wamepigania maandishi yao: wakati wa Kisovieti Kiromania chao kiliandikwa kwa herufi za Kirusi, na tarehe 31 Agosti 1989 sheria ikarudisha za Kilatini, siku ambayo ni sikukuu hadi leo. Sisi ambao Kiswahili chetu kiliwahi kuandikwa kwa Kiarabu kabla ya hizi za sasa tunaelewa kwamba herufi si mapambo tu. (Ukienda Georgia utakutana na herufi 33 zisizofanana na chochote ulichowahi kuona. Pole, na hongera.)

Mwanamke mzee wa kijijini anaamkiwa *sărut mâna*, yaani nabusu mkono. Nilipoambiwa maana yake nilicheka kwa furaha, kwa sababu shikamoo nayo ni nashika miguu yako. Nikamweleza mama mwenye nyumba yangu. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia majirani kwamba kwetu adabu inaanzia miguuni, kwao mkononi tu, na akasema hilo kana kwamba nchi yake imeshindwa mechi.

Salimia kila unayepishana naye kijijini. Mtu usiyemjua au aliyekuzidi umri mwite *dumneavoastră*, si *tu*. Vua viatu mlangoni. Utapewa ndara ziitwazo *papuci*, na ukikataa kuzivaa utaonekana unataka kuugua. Usipeane mkono na mtu kizingiti kikiwa katikati yenu. Maua yawe idadi ya witiri, ya shufwa ni ya maiti. Usipige mluzi ndani, unafukuza pesa. Dirisha mbili zikiwa wazi kwa pamoja ni *curent*, upepo unaopita, na kila maradhi kuanzia shingo hadi figo yatasingiziwa upepo huo. Usibishane. Funga dirisha moja.

Hatua ya saba: miezi mitatu ya kwanza kijijini

Hapa ndipo watu wengi huharibu, nami niliharibu kidogo.

Siku ya kwanza nenda kwa *primar*, mkuu wa kijiji aliyechaguliwa, ofisini kwake *primărie*. Usitume ujumbe. Nenda, kaa, kunywa chai. Bila yeye hutapata ufunguo wa *casa de cultură*, lile jumba la utamaduni ambalo Wasovieti walijenga karibu kila kijiji, lenye ukumbi mkubwa, jukwaa, na baridi ya kugandisha wino. Chumba chako cha kazi kitakuwa humo, au maktabani, kwenye joto kidogo.

Kosa langu lilikuwa kufika na mpango. Nilikuwa nimechora ratiba ya ugawaji wa vifaa kwa familia za Waukraine waliopangishwa kijijini, na kwa roho nzuri kabisa nikaitisha mkutano wa kutafuta watu wa kujitolea kupakua magari. Walikuja wanne. Mmoja alileta kalamu akauliza orodha ya mahudhurio iko wapi, ili asaini kwamba alikuja. Ndipo subotnic ya yule bibi ikaniingia kichwani. Wazee wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wamekwisha kujitolea sana, kwa orodha, katika maisha yao, na waliona mgeni mwingine ameleta orodha nyingine.

Nikaacha mikutano. Nikaanza kupakua mwenyewe na dereva, mchana kweupe, mbele ya duka ambako wanaume hukaa. Siku ya tatu mmoja aliinuka, akatupa sigara, akasema nabeba maboksi vibaya na nitavunja mgongo. Wiki iliyofuata walikuwa saba, na hakuna aliyeitwa mtu wa kujitolea. Waliitana majirani. Neno lenyewe *voluntar* nilikuja kulitumia na vijana tu, ambao kwao halina kutu.

Lile swali la nani anakulipa lijibu moja kwa moja, kila mara, bila kuona haya. Nilikuwa nikisema: Umoja wa Mataifa wananipa pesa ya kodi na chakula, mshahara sina, mkataba wangu unaisha mwezi fulani. Ukijibu kwa maneno ya kupaa, upendo na ubinadamu, watakudhania jasusi au mlokole. Mtu aliyekulia mahali ambapo jirani aliweza kumripoti jirani anataka kujua chakula chako kinatoka wapi. Ni haki yake.

Jambo jingine nililitoa Kasulu likanifaa: mwenyeji maskini akiona mgeni anapewa, na yeye hapewi, moyo unaingia doa. Kijiji kile nusu ya nyumba zilikuwa na bibi na mjukuu tu, wazazi wako Italia au kwingineko wanasafisha nyumba za watu na kujenga. Bibi huyo ana pensheni ndogo na paa linalovuja. Ukishusha maboksi kwa jirani yake Mukraine na kumpita yeye, umetengeneza ugomvi. Tulizungumza na wakuu wetu mpaka sehemu ya msaada, kuni hasa, ikawa ya mtaa mzima. Likikushinda hilo, angalau mpitie umsalimie na umsaidie kupanga kuni zake. Mimi nilipanga kuni nyingi sana.

Meza yao

Chakula utakijua kabla hujaambiwa jina. *Mămăligă* ni ugali wa mahindi ya njano, laini kuliko wetu, unageuzwa kwenye ubao na kukatwa kwa uzi. Unaliwa na jibini ya chumvi na malai. Siku niliyoufinyanga kwa mkono na kuubonyeza shimo la kuchovya kwa kidole gumba, meza nzima ilinyamaza, kisha babu akasema hivyo ndivyo baba yake alivyokula.

Mwislamu wa pwani ana kazi kidogo. Nguruwe yuko kila mahali, na kila nyumba ina divai yake chini ya ardhi, ambayo kuikataa ni kama kumkatalia mtu salamu. Njia iliyonifaa: sema mapema, kabla glasi haijamiminwa, kwamba dini yako hairuhusu, na uombe juisi au *compot*. Wanaheshimu dini kuliko wanavyoheshimu "sipendi". Na jifunze neno *de post*. Waorthodoksi hufunga siku nyingi za mwaka, na chakula cha saumu yao hakina nyama, maziwa wala mayai. Mkahawani ukiomba sahani ya de post umepona. Ramadhani yangu ilipogongana na Kwaresima yao tulifunga wote, kila mtu kwa saa zake, na mama mwenye nyumba alikuwa akiniwekea maharage ya kupondwa chini ya sahani iliyofunikwa. Waislamu wako wachache, jumuiya yao ilisajiliwa rasmi mwaka 2011, ukitaka Ijumaa ya jamaa itabidi upande *rutiera*, daladala yao, kwenda Chișinău.

Ngozi yako

Utatazamwa. Watoto watakufuata, mtu atataka picha, na mzee fulani ataita "Pushkin!" kwa sauti ya mapenzi. Mshairi huyo wa Urusi, ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, aliishi Chișinău uhamishoni kuanzia 1820 hadi 1823 na nyumba yake ni makumbusho. Mimi nililipokea jina hilo. Mwenzangu wa Kampala alilichukia, naye alikuwa na haki.

Udadisi na chuki havifanani, na utavitofautisha upesi. Nyumba nilikataliwa mara mbili kwa simu baada ya kutaja nilikotoka. Shirika likanitafutia mahali kupitia mtu anayejulikana, na nakushauri uombe hivyo tangu mwanzo badala ya kupambana peke yako. Usiku mjini epuka vikundi vya walevi, tembea na mwenzako, namba ya dharura ni 112. Kila tukio liandike siku hiyo hiyo na limpelekee msimamizi wako hata kama unaona ni dogo.

Usihukumu enzi zao

Utakaa mezani na mzee anayelilia kolkhozi (shamba la ushirika la enzi za Kisovieti), kazi ya uhakika, sanatoriamu ya bure kila kiangazi. Upande wa pili wa meza hiyo hiyo atakuwepo mwingine ambaye familia yake ilipakiwa kwenye mabehewa usiku wa Julai 1949 na kupelekwa Siberia, pamoja na watu wapatao 35,000. Wote wawili wanasema kweli. Usimwambie yeyote kwamba Ujamaa wetu ulikuwa bora au mbaya zaidi, wala usitanie juu ya nyota nyekundu. Uliza walikuwa wanakula nini. Swali hilo linafungua kila kitu, mpaka njaa ya 1946 na 1947, na hapo wewe nyamaza usikilize.

Hatua ya mwisho: kuondoka

Mwezi mmoja na nusu kabla ya mkataba kuisha, anza kukabidhi. Daftari la namba za simu, nani ana ufunguo gani, dereva yupi haji Jumatatu. Mpe mwenyeji, si mgeni atakayekuja baada yako. Pita kwa primar kumuaga, ofisini, kwa chai. Omba barua ya utumishi ikiwa na mhuri wakati unaowajua bado wapo, maana kuitafuta ukiwa Tanga ni mateso. Funga akaunti ya benki. Omba kadi yako ya chanjo na taarifa za daktari.

Majirani watakuletea mitungi ya vioo: jamu ya jozi mbichi, *zakuscă* ya biringanya na pilipili. Huwezi kukataa hata mmoja. Iingie kwenye sanduku la kupakiwa, si la mkononi, kila mtungi ndani ya soksi zile nene za sufu. Nyumbani hutazihitaji tena.